Wanakondoo Wasiokanyaga Nyasi

Halvar aliuza kondoo wake wote ili aruhusiwe kulea wa kituo cha utafiti. Ndilo sharti la pale Hälltorp mpaka leo: mtu anayeingia kwenye banda safi haruhusiwi kufuga kondoo nyumbani kwake, wala mbuzi, wala hata kumshika kondoo wa jirani. Minyoo husafiri kwenye soli ya kiatu na kwenye pindo la suruali. Kwa hiyo mwaka alioajiriwa, yeye na mkewe Ragnhild walisimama kando ya barabara wakaliangalia lori likiondoka na kondoo wao, na malisho yao nyuma ya nyumba yakabaki matupu. Ragnhild aliniambia baadaye kwamba jioni ile Halvar alikwenda kulifunga lango la malisho kama kawaida, ingawa hakukuwa na kitu cha kufungiwa.

Mimi naitwa Majken. Naosha ndoo na chupa za maziwa pale kituoni, asubuhi mpaka baada ya kahawa ya alasiri, siku ambazo magoti yanakubali. Wajukuu wangu wako mjini Göteborg na wanadhani bibi yao ni mwanasayansi. Sijawakatalia sana.

Banda safi ni banda ambalo ndani yake hakuna mnyoo. Wanakondoo huletwa siku ile ile wanayozaliwa, kabla hawajagusa ardhi, na hukulia juu ya sakafu ya saruji iliyotandikwa mabua makavu. Hunywa maziwa ya chupa, kisha hula nyasi kavu zilizokaa ghalani muda mrefu mpaka kila kijidudu kikafa. Hawajui mvua. Upepo wanaoujua ni wa feni. Jani bichi hawalijui kabisa, maana mabuu ya minyoo hupanda jani bichi wakati wa umande, yakangoja pale juu kondoo aje ayameze. Mnyoo wenyewe ni mwembamba kama uzi. Hukaa tumboni ukinywa damu, na mwanakondoo mwenye minyoo mingi huwa mweupe ufizini, akalala, asiamke. Wafugaji wa huku wamezika wengi namna hiyo. Dawa zilizokuwa zikiwasaidia, minyoo sasa imezizoea.

Ndiyo maana Tilda alikuja kutoka chuo kikuu cha Uppsala. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye mafua yasiyoisha, na alikuwa ametengeneza chanjo. Nusu ya wanakondoo wangechanjwa na nusu wasichanjwe, kisha wote wangenyweshwa mabuu kwa makusudi, na majani yakianza kupukutika wangechinjwa ili minyoo ihesabiwe mle tumboni. Hakuna namna nyingine ya kuihesabu. Alitueleza hayo mezani siku ya kwanza, na alipokuwa akisema hakutazama chini. Nilimpenda kwa hilo.

Kwa sababu hiyo wanakondoo hawakupewa majina. Walikuwa na namba masikioni, basi.

Ragnhild alikufa mwezi wa pili, theluji ikiwa nzito hata wachimba kaburi walilazimika kuwasha moto juu ya ardhi kwanza. Baada ya mazishi Halvar alianza kufika kituoni mapema kuliko wote na kuondoka wa mwisho. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umepita zamani. Msimamizi wetu, Torgny, alikuwa akimwongezea mkataba mwaka hadi mwaka, na kila mwaka alikuna kichwa kabla ya kutia sahihi. Nilimuuliza Halvar siku moja kwa nini hapumziki.

"Nikikaa nyumbani siku nzima," alisema, "nasikia friji."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akaniomba nimsogezee sukari.

Majira yale ya baridi jambo pekee alilolisimulia mezani kwa kirefu lilikuwa la kulungu. Theluji ilipozidi, kulungu wadogo wa msituni walikuja mpaka chini ya dirisha la jikoni kwake. Akawawekea matofaa yaliyonyauka ambayo Ragnhild alikuwa ameyahifadhi chini ya nyumba. Wakarudi. Akawawekea na jiwe la chumvi pale malishoni, na majira ya chemchemi yalipoingia waliendelea kuja. Torgny akamtania, akasema kumbe siku hizi mzee anakula na wageni.

"Wanakula wao," alisema Halvar. "Mimi naangalia."

Tulicheka sote, na yeye pia kidogo. Nakumbuka Tilda hakuwepo mezani siku hiyo, alikuwa Uppsala.

Wanakondoo wa Tilda walizaliwa mwezi wa nne. Halvar aliwanywesha mmoja mmoja, chupa mkononi, na baada ya kuwanywesha alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akiwavumia wimbo usio na maneno. Mmoja, namba kumi na tisa, alizaliwa na mguu wa nyuma uliopinda, na alipenda kutafuna mkono wa koti la Halvar. Mkono ule ulikuwa umechakaa mpaka nyuzi zinaning'inia. Nilijitolea kuushona. Akasema niuache, maana nikiushona yule mdogo atakosa pa kuanzia.

Ikaja sikukuu ya kiangazi, siku ambazo jua la huku halina haraka ya kutua na kila mtu anakwenda kwa watu wake. Torgny alikwenda visiwani na familia. Tilda alikwenda kwa mama yake. Mimi nilikwenda Göteborg kwa binti yangu, nikawaangalia wajukuu wakirukaruka kama vyura kuuzunguka mlingoti wa maua. Halvar alisema atabaki na banda, kwake siku zote ni sawa. Tulimshukuru, tukaondoka haraka, jinsi watu wanavyomshukuru mtu ambaye upweke wake umewafaa.

Lililotokea alinisimulia mwenyewe Jumatatu.

Kwetu, kwa wale waliokua na mifugo, mkesha wa sikukuu hiyo banda hupambwa kama nyumba. Matawi ya mbetula, yale ya gome jeupe, husimamishwa pande mbili za mlango, na kila mnyama hupata shada lake, maana hata yeye amevumilia baridi ndefu. Kwao Halvar kazi ya mashada ilikuwa ya Ragnhild. Aliyasuka kwa nyasi, klova ya majani matatu na maua ya manjano, akayatundika juu ya kila kizimba, na hakuacha hata mwaka walipokuwa na ng'ombe mmoja tu mzee asiye na maziwa.

Halvar hakuwa amesahau masharti. Tilda mwenyewe alishatuambia kwamba mabuu hayapandi mti, kwa hiyo alikata matawi ya mbetula kutoka juu, kwa ngazi, akayasuuza. Halafu akasimama kwenye malisho yake na kufikiri. Tangu lile lori liondoke hakuna kondoo aliyekanyaga pale. Miaka tisa. Kama kulikuwa na ardhi safi wilaya nzima, ilikuwa ile. Akachuma klova na maua, akasuka mashada kwa vidole vyake vinene visivyozoea, akayafungia kwa uzi wa katani. Akaoga, akabadilisha nguo na viatu mlangoni, kila kitu kama inavyotakiwa.

Mwanzoni wanakondoo waliogopa harufu. Walijibana pembeni, vichwa vyote upande mmoja. Kisha kumi na tisa akachechemea mbele, akanusa, akauma, na baada yake wote. Walikula mashada mpaka ukabaki uzi. Halvar alikaa juu ya ndoo yake akala samaki wa heringi na viazi vipya pamoja nao.

"Tangu Ragnhild aondoke sijawahi kuwa na jioni nzuri kama ile," aliniambia.

Alirudi nyumbani, jua lingali juu ya msitu, akasimama dirishani. Kulungu walikuwa malishoni, vichwa chini, wakila klova pale pale alipochuma.

Hapo ndipo alipokumbuka. Alikuwa akijua siku nyingi, kila mtu pale kituoni anajua: kulungu hubeba mnyoo ule ule wa kondoo, na huuacha kwenye nyasi kama kondoo anavyouacha.

"Sikuwahi kuwafikiria kama wanyama, Majken. Nilikuwa nawaona wageni."

Asubuhi iliyofuata alifagia banda lote. Alichoma matawi, alichoma nyuzi, akabadilisha mabua. Halikubaki hata jani bichi moja. Wanakondoo walikuwa wazima, wanaruka, wanapigana vichwa. Tulipofika Jumatatu hakuna ambaye angejua kitu.

Lakini nilimkuta amesimama mahali tunapoegesha magari, amevaa koti jeusi alilovaa kanisani mwezi wa pili. Nilimuuliza anakwenda wapi amependeza hivyo.

"Kwa Tilda."

Akanisimulia yote, pale pale, kofia mkononi. Nilipomuuliza nani mwingine anajua, alionyesha banda kwa kidevu.

"Wao. Na wao wanatafuna tu."

Nilijua anachokibeba. Akisema, banda litafungwa kwake, na nyuma ya banda ilikuwapo ile nyumba na lile friji. Akinyamaza, Tilda angechanja wanakondoo ambao tayari wana minyoo, angepata majibu ya uongo, na wafugaji wangekuja kuamini au kutoamini chanjo kwa sababu ya mashada ya mzee mmoja. Sikumshauri. Hakuwa amekuja kuomba ushauri. Aliniuliza tu kama nitaingia naye, nikasema nitaingia.

Tilda alikuwa akipanga vichupa vya chanjo kwenye jokofu. Wiki ile ile alikuwa aanze. Alimsikiliza Halvar mpaka mwisho bila kumkatiza, mkono ukiwa bado ndani ya jokofu, baridi ikimtoka vidoleni kama moshi.

"Kulungu wangapi?" aliuliza.

"Watano. Sita, yule mdogo akija."

"Na walikula mashada yote?"

"Mpaka uzi."

Tilda akafunga jokofu taratibu. Akatoka, akaenda kusimama nyuma ya banda, akiuelekea ukuta. Baada ya muda nilimpelekea kahawa, nikaiweka kwenye kizingiti cha dirisha karibu naye, nikaondoka bila kumsemesha, kwa kuwa sisi watu wa huku tukilia hatupendi kuonwa. Aliporudi pua ilikuwa nyekundu, na safari hii haikuwa mafua. Alisema chanjo haichomwi kwanza. Mnyoo ukishaingia tumboni huchukua kama wiki tatu kabla ya kutaga. Mpaka wakati huo, kinyesi cha wanakondoo hakitasema kitu. Tungengoja.

Torgny alimwita Halvar ofisini, na mlango aliuacha wazi, kwa hiyo nilisikia nikiwa kwenye beseni la kuoshea. Aliuliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

"Niambie ukweli. Ulifanya makusudi, wasije wakachinjwa?"

Halvar aliigeuza kofia mkononi.

"Ningetaka kuwaokoa, Torgny, ningefungua mlango."

Torgny alimzuia kuingia bandani mpaka majibu yatoke. Ilimbidi, hakuwa na njia. Lakini alipoona Halvar anatafuta tundu la ufunguo bila kulipata, alimchukulia funguo za gari akamwendesha mwenyewe hadi nyumbani, kisha akarudi kwa miguu, mwendo mrefu, kwenye mvua. Hakulitaja jambo hilo kwa mtu. Nilijua kwa sababu ya soksi zake, alizozitundika kwenye bomba la joto karibu na ndoo zangu.

Kesho yake saa ya kahawa, Halvar alikuwa amesimama nje ya ua wa kituo, upande wa barabara. Hakuita. Alisimama tu kama mtu anayengoja basi mahali pasipo na kituo. Nilimpelekea kahawa kwenye chupa na skonzi ya iliki. Tukanywa, waya wa ua katikati yetu. Akaniuliza habari za kila mmoja kwa namba. Saba anaharisha bado? Kumi na mbili bado anawasukuma wenzake? Nikamwambia kumi na tisa hanywi vizuri. Anashika chupa, ananyonya mara mbili, halafu anainua kichwa na kusikiliza.

Halvar aliangalia skonzi yake.

"Mwambie maziwa ni yale yale, mkono tu ndio mwingine," alisema, na hakumaliza kuila.

Alikuja kila siku. Mimi nilitoka kila siku. Ilikuwa kiangazi chenye joto kali, na madirisha ya hewa ya banda, yaliyo juu upande wa barabara, yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi la wavunaji. Siku moja tukiwa pale uani tulisikia komeo likigonga, tukatazama juu. Dirisha moja lilikuwa limefunguliwa, na mkono mrefu ukarudi ndani. Halvar alikuwa katikati ya sentensi, akinieleza kuhusu bawaba ya mlango wa jikoni kwake. Alipoendelea, ndani kukatokea kilio. Mmoja, wawili, kisha banda zima likalia. Walikuwa wameijua sauti.

Hakuweza kumaliza habari ya bawaba. Jioni ile kumi na tisa alimaliza chupa yake.

Aliyefungua dirisha alikuwa Tilda, na yeye ndiye aliyekuwa na sababu kuliko sisi sote ya kuliacha limefungwa. Tangu siku hiyo lilifunguliwa kila saa ya kahawa, na hakuna aliyelizungumzia.

Sheria ya nchi yetu hairuhusu kondoo kufugwa peke yake. Mkaguzi akikuta kondoo mmoja kwenye zizi, utatafutiwa makosa, maana kondoo asiye na mwenzake huumwa hata kama hana ugonjwa. Nililifikiria jambo hilo mara nyingi kiangazi kile, nikiendesha gari kupita nyumba ya Halvar, na nyumba ya mjane Solveig, na ile ya mwalimu wa zamani, kila moja na taa moja jikoni, mpaka nafika kwangu.

Majibu yalitoka mwezi wa saba. Tilda alikaa kwenye hadubini tangu asubuhi. Aliposimama aliniambia nikamwite Halvar kule uani, aje ofisini kwa mlango wa mbele, usioelekea bandani. Alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe na kumwonyesha jinsi ya kusogeza kioo.

Halvar aliangalia kwa muda mrefu. Mgongo wake ulikuwa umeinama kama wa mtu anayechungulia kitanda cha mtoto.

"Ni mazuri," alisema. Kisha akashtuka na kuomba radhi.

"Ni mazuri kweli," alisema Tilda. "Yaangalie hayo ya pembeni, yameanza kugawanyika."

Yalikuwa mayai ya minyoo. Yalipatikana kwenye kila kizimba.

Kwa hiyo kazi ya Tilda ya mwaka ule ilikwisha kabla ya kuanza. Wakubwa wa Uppsala walimruhusu ajaribu tena majira ya chemchemi, kwa wanakondoo wapya. Halvar akauliza kama hao wapya watachinjwa badala ya hawa. Tilda alisema ndiyo, na kama siku ile ya kwanza hakutazama chini. Hawa wa sasa, kwa kuwa hawakuwa wamechomwa sindano yoyote ya utafiti, wangepewa dawa na kuuzwa kwa mfugaji wa Dalsland, wakaishi kama kondoo wengine.

Kisha Torgny akasema jambo ambalo hatukulitarajia. Alisema Tilda ameomba Halvar arudi bandani chemchemi ikija.

"Angeweza kufagia na kunyamaza," alisema Tilda. "Mtu aliyekuja kusema, huyo ndiye ninayemtaka mle ndani."

Nilimwona Halvar akikaza taya. Nikafikiri, basi, yamekwisha, amepata alichokuwa akikililia. Lakini Torgny alikuwa hajamaliza. Yule mfugaji wa Dalsland alikuwa amemkataa kumi na tisa kwa sababu ya mguu. Asiye na wa kumchukua angekwenda machinjioni. Torgny alitazama dirishani, akaongea kana kwamba anaongea na mti wa nje. Kituo kinaweza kumtoa kwa mtu mwenye malisho, alisema. Lakini sheria inataka wawe wawili, na anayefuga kondoo nyumbani haingii banda safi. Halvar analijua hilo kuliko yeyote.

"Chagua wewe," alisema. "Sikuharakishi, ila lori linakuja Ijumaa."

Halvar hakungoja Ijumaa. Alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Wa bandani hawafiki majira ya baridi," alisema. "Simlaumu Tilda, kazi yake ni ya haki na watu wanaihitaji. Ila mimi nimechoka kuaga."

Akamchukua kumi na tisa, na saba awe mwenzake, aliyekuwa akilala kando ya kumi na tisa.

Ijumaa Torgny, ambaye kazi yake ni ya ofisini na haingii bandani, aliwapeleka kwa tela lake mwenyewe. Mimi niliegesha gari barabarani nikaangalia kutoka huko, maana nilikuwa bado mtu wa banda na sikutakiwa kuukanyaga uwanja ule. Torgny alishusha mlango wa tela, ukawa daraja. Wanakondoo wakaja mpaka ukingoni, wakasimama. Chini yao kulikuwa na nyasi, na hawakujua ni kitu gani. Zilikuwa zikitikisika. Saba alinyoosha mguu, nyasi zikamgusa, akaurudisha haraka kama aliyeungua.

Torgny alitaka kuwasukuma. Halvar akamwambia awaache. Akatembea mpaka katikati ya malisho, akakaa chini kwa shida, kwanza goti, kisha mkono, kisha makalio, akawapa mgongo. Hakuwaita. Alianza kuvumia ule wimbo wake.

Sijui ilichukua muda gani. Torgny alivuta sigara mbili, na alikuwa ametuambia ameacha. Mwishowe kumi na tisa akashuka, akiinua kila mguu juu sana kama mtu anayetembea kwenye maji baridi, akaenda mpaka kwa Halvar na kushika ule mkono wa koti.

Tilda alirudi Uppsala mwezi wa tisa. Siku ya kuondoka alikuja kwenye beseni langu, akafuta ndoo tatu ambazo hakuwa ameombwa kuzifuta, akasema mwakani sikukuu ya kiangazi niweke matawi ya mbetula pande mbili za mlango wa banda.

"Matawi tu, Majken. Kutoka juu ya mti."

Nikamwambia nitafanya hivyo.

Bandani kuna mtu mwingine sasa, kijana mpole anayesikiliza redio. Mimi Alhamisi, kituo kinapofunga mapema, napita kwa Halvar. Naegesha barabarani na kusimama kwenye kokoto, na yeye anakuja mpaka kwenye waya wa malisho. Nina chupa yangu na kikombe changu, naye ana chake. Siwezi kumpa skonzi mkononi, kwa hiyo naziacha juu ya sanduku la barua, anakuja kuzichukua nikishaondoka. Kahawa tunakunywa pamoja, mtaro wa barabara katikati yetu. Tumerudi kama wakati ule wa uani, ila sasa mimi ndiye niliye nje.

Ameshindwa kuwapa majina. Anasema Kumi na Tisa anaitikia jina hilo hilo, na Saba haitikii chochote, anakuja tu. Wamekuwa wakubwa, wachafu, wana miba kwenye manyoya. Jiwe la chumvi ameliondoa malishoni akalipeleka ndani ya msitu, mbali, na anasema kulungu wameelewa, ingawa hawakufurahi.

Alhamisi iliyopita kulikuwa na jalidi kwenye waya. Nilimuuliza kama bado anasikia friji.

Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofanya kila akiulizwa.

"Sijui. Sikumbuki kulisikia. Dirisha nimeliacha wazi, wakilia niwasikie."

"Na baridi hii?"

"Navaa soksi."

Kumi na Tisa alikuwa amekuja mpaka ukingo wa mtaro, akanitazama kwa macho yake ya pembeni. Huyu nilimwoshea chupa tangu siku aliyozaliwa. Aliijua harufu yangu, au ya sabuni yangu, akanyoosha shingo juu ya waya. Niliweka mikono mfukoni. Nikamwambia Halvar tutaonana wiki ijayo, naye akainua kofia, akageuka, na wote watatu wakapanda kuelekea nyumbani, yeye mbele.

Nilipofika kwangu nilivua viatu, nikaosha kikombe kimoja, nikakaa mezani bila kuwasha taa. Friji langu lilikuwa likiunguruma pale pembeni, karibu na mlango. Miaka yote ile sikuwa nimelisikia.